Sehemu ya Pili Haikuchezwa

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipomwandikia mwenzangu maneno yaliyompoteza, na niliyaandika kwa sababu nilitaka watu waone kwamba nimesoma. Naanzia hapo kwa makusudi. Nikianzia kwingine nitajipamba.

Nilifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Arua, miaka ile wanajeshi walipoitawala nchi yetu. Darasa la mwisho nililifundisha karne ya kumi na saba: washairi wa Uingereza, wafalme wao, dini zao zilizogombana, tauni yao, vita walivyopigana wenyewe kwa wenyewe. Kitabu kilikuwa kimoja, changu, nacho kilishikiliwa na uzi wa gunia. Nilisoma kwa sauti, wanafunzi wakaandika. Sukari ilikuwa haionekani, chumvi ilipimwa sokoni kwa kijiko, na mimi nilisimama mbele ya vijana wenye njaa nikiwaeleza jinsi mashairi ya mapenzi yalivyonakiliwa kwa mkono na kupitishwa nyumba hadi nyumba London, bila kuchapwa. Walielewa upesi. Kunakili kwa mkono walikujua vizuri kuliko mimi.

Mimi ni mtu wa Dranya, kule Koboko. Wakati ule kuwa mtu wa huko kulikuwa na faida zake. Wakubwa wengi wa jeshi walisema lugha ya mama yangu, na baba yangu mdogo alikuwa sajini kambini. Watu mjini waliponisalimia waliongeza heshima kidogo ambayo sikuitolea jasho. Nilijidai siipendi. Lakini kwenye foleni ya sukari mtu akinivuta mkono na kunipeleka mbele, nilikwenda mbele.

Mwenzangu alifundisha jiografia. Alikuwa Mlugbara wa vijiji vya karibu na mji, mrefu, ana mwanya, mtu wa utani mpaka unamchoka. Aliniita Malkia kwa sababu ya kitabu changu na wafalme wangu. Mkewe alikuwa mtu wa Midia, jirani na kwetu, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa watu wa lugha moja, naye alishona nguo kwa cherehani ya mkono kwenye baraza ya nyumba yao ya walimu. Kwa kuwa mume na mke hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, nyumbani kwao walisema Kiswahili, kile cha Arua, cha kambi na soko, na watoto wao watatu walikulia humo. (Hiki ninachoandika nilikipata baadaye, nilipokwenda kufundisha Kenya.) Jumapili nyingi nilikula kwao. Nasema haya isije ikadhaniwa kwamba nilimtenda mtu nisiyemjua.

Mwaka mmoja mkuu wa shule alitutangazia kwamba ofisa mkubwa wa jeshi atakuja kufungua bweni jipya, na kila mwalimu afikirie cha kumwonyesha. Kwa kawaida mgeni alipewa ngoma, shairi la kumsifu na soda. Mimi nikanyoosha mkono. Nilisema ninao mchezo ambao haujawahi kuonekana katika mkoa wetu wa West Nile.

Ulikuwa mchezo wa vinyago. Mwanzoni mwa karne ile wafalme wa Uingereza walichezewa hivyo ndani ya kasri zao. Kwanza walitokea watu wa fujo, wachawi na walevi na mashetani, wakiruka na kutukana kana kwamba dunia ni yao. Kisha ghafla mwanga ukajaa, mabwana na mabibi wakashuka kutoka mawinguni wamevaa hariri, na watu wa fujo wakatoweka bila kuguswa na mtu, kwa sababu tu mfalme ameketi pale. Ndivyo mfalme alivyosifiwa: hana haja ya kufanya lolote, uso wake unatosha. Nje ya kasri watu walikuwa wakizika wenzao wa tauni kwa mikokoteni, lakini ndani mawingu yalishuka kwa kamba na kapi. Mabwana hawakufungua mdomo, walicheza ngoma tu. Maneno machafu ya sehemu ya fujo yalisemwa na waigizaji wa kukodiwa, watu wasio na jina.

Niliwafundisha wanafunzi yote hayo. Niliruka jambo moja tu: kwamba mmoja wa wafalme hao, ambaye mwenyewe alicheza michezo hiyo akiwa amevaa hariri, alikuja kukatwa kichwa nje ya ukumbi uleule, mbele ya umati, na wanajeshi wakatawala, kumbi zote za michezo zikiwa zimefungwa. Hilo lilikuwa kwenye kitabu. Nilifungua ukurasa unaofuata. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikujua niko nchi gani.

Nikagawa sehemu kama walivyogawa wao, na wala sikuona aibu. Binti za maofisa na za wakubwa wa serikali walioishi juu kwenye kilima cha Arua niliwapa mavazi meupe. Watoto wa wakulima wa tumbaku niliwapa magunia. Mke wa mwenzangu alishona yote mawili, meupe kutoka mapazia ya zamani ya misheni, na akacheka kwamba magunia yana kazi zaidi. Mkubwa wa fujo alihitaji mtu mzima mwenye sauti na asiyeogopa kuchekwa. Nilimwomba mwenzangu, akakubali kabla sijamaliza kusema.

Maneno yake niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye karatasi za mtihani. Sehemu ya pili niliiandika kwa Kiingereza cha fahari, mistari yenye vina, sifa tupu kwa mgeni: jinsi njaa na ulanguzi vinavyokimbia akitokea. Lakini sehemu ya fujo niliiandika kwa Kiswahili cha sokoni, ili askari watakaokuja na mgeni wacheke. Nilijiona hodari sana.

Tulipokuwa tukifanya mazoezi, mwenzangu aliketi ukingoni mwa jukwaa na gunia lake shingoni, akanishauri tuanze na sifa, fujo ije baadaye. Nilimwambia haiwezekani, mchezo hauko hivyo, nuru lazima ifuate giza. Nilimweleza kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyetoka kabla ya mwisho, maana mwisho ulikuwa wa mfalme mwenyewe. Alinitazama, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Wewe unajua Uingereza, madamu. Mimi najua wageni ya hapa. Siku gani mutu mukubwa alikaa mpaka mwisho?"

Nikamwambia afundishe mvua na mito, fasihi aniachie mimi. Wanafunzi walicheka. Yeye naye akacheka, akarudi jukwaani.

Katika kasri zile kulikuwa na kiti kimoja tu ambacho mtu akikalia anaona picha ya jukwaa sawasawa, nacho kilikuwa cha mfalme. Nilipima ukumbi wetu kwa kamba siku nzima nikitafuta mahali hapo. Tuliazima kiti kikubwa cha ofisi, wanafunzi wanne wakakibeba kutoka kilimani, nikachora alama za chaki chini ya miguu yake.

Mgeni alichelewa kwa saa tatu. Alikuwa mtu mnene, amechoka, hakuonekana mbaya. Alikaa pale pale nilipopanga. Nyuma yake walisimama askari, pembeni wazazi, na karibu na mlango bendi ya shule, ambayo mwalimu wake alikuwa ameagizwa jambo moja asilisahau: mgeni akisimama tu, wakati wowote, wimbo wa taifa upigwe. Mimi nilikuwa kando ya jukwaa, hatua nne kutoka kwa mwenzangu, nimeshika karatasi. Nyuma ya pazia wasichana wa meupe walijipanga.

Sehemu ya fujo ilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Walanguzi walipita wakificha mawe ya chumvi matumboni, mlevi akaanguka, askari wakacheka kweli. Kisha mwenzangu akapanda juu ya sanduku, akafungua mikono, akasema maneno niliyomwandikia, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mimi sasa iko mufalume hapa. Sukari yangu, chumvi yangu, sabuni yangu. Nani atanitoa?"

Hapo ngoma ilitakiwa ilie na pazia lifunguke. Wakati huohuo kijana wa redio ya jeshi aliingia, akainama sikioni mwa mgeni, na mgeni akasimama. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Ukumbi mzima ukasimama, mwenzangu naye juu ya sanduku, mikono ameishusha, amesimama wima ndani ya gunia. Wimbo ulipokwisha mgeni alitoka moja kwa moja kwenye gari, na watu wake wote wakamfuata. Sijui hata kama alikuwa akisikiliza. Askari walikuwa wakisikiliza.

Wasichana waliniuliza kama wacheze. Nikawaambia wavue nguo, zisichafuke.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili asubuhi baba yangu mdogo alifika kwa baiskeli, bila sare. Hakunywa chai. Aliniambia kwa lugha yetu kwamba kambini usiku kucha watu walikuwa wakirudia yale maneno, wengine wakicheka, wengine hawacheki maana waliona anayeigizwa ni mkubwa wao, na kwamba kesho wataletwa watu wa kuuliza. Akaniuliza nani aliandika. Nilipomwambia ni mimi, akataka kujua ziko wapi karatasi. Nikamwambia sehemu ya pili iko hapohapo, ni sifa kutoka mwanzo mpaka mwisho, wakiisoma wataelewa. Alisema hakuna mtu atakayesoma mpaka sehemu ya pili. Alisema nichome, na niseme sikusikia kitu.

Nilizichoma mchana uleule, chini ya sufuria ya maharage. Ninataka ieleweke kwamba hakunishika mkono. Alishaondoka. Nilikuwa peke yangu jikoni na nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, na nilifikiri, nikajua kabisa kwamba karatasi zile ni kinga ya mwenzangu, na nikazitia motoni moja moja. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kulipamba.

Jumatatu mwenzangu alinikuta mlangoni mwa chumba cha walimu. Alikuwa amekwishaelewa. Akanivuta kando.

"Leta ile karatasi, madamu. Wakiona yote, wataona iko sifa tu. Mimi nitasema nilicheza, wewe utasema uliandika. Hakuna makosa pale."

Nilimwambia nitaitafuta.

Wale watu wa kuuliza waliniita mimi kwanza. Walikuwa wawili, wameketi kwenye meza ya mkuu wa shule, na mkuu wa shule mwenyewe amesimama dirishani kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Walikuwa na adabu. Mmoja aliandika kwa penseli. Waliuliza nani alitunga. Nikasema mchezo ulijitunga wenyewe kwenye mazoezi, kila mtu akitia lake. Waliuliza karatasi, nikasema hakuna. Waliuliza baada ya pale kingefuata nini; nikasema ngoma ya wasichana. Waliuliza kama nilisikia maneno ya yule mwalimu. Nikasema nilikuwa nyuma ya pazia nikiwavisha wasichana, sikusikia. Yule mwenye penseli alinishukuru kwa lugha ya mama yangu, akaniuliza habari za Dranya, kama mihogo imekubali.

Mwenzangu alikuwa kwenye benchi nje, anangoja zamu. Alinyanyua nyusi kuniuliza. Nikatazama chini, nikapita.

Hakukaa ndani muda mrefu. Walipotoka naye alisimama kidogo mbele ya darasa lake, akaweka kipande cha chaki kwenye kizingiti cha dirisha, akawaambia wanafunzi waendelee kuchora ramani, atarudi kusahihisha. Aliingia kwenye gari mwenyewe. Wanafunzi walichora mpaka kengele. Hakurudi siku ile, wala wiki ile, wala hakuonwa tena na mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Mkuu wa shule alituita, akasema kwa masikitiko kwamba mwenzetu aliongeza maneno yake mwenyewe nje ya mchezo uliokubaliwa, na kila mwalimu ajifunze kuchunga ulimi. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Sikusema kitu. Wengine waliitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini: mtu wa utani, siku moja utani umemzidi. Baada ya mwezi hiyo ndiyo ikawa habari yenyewe, na watu waliisimulia mbele yangu kama sikuwapo siku ile.

Kosa langu kubwa lakini bado. Mkewe alikuja kwangu wiki ya pili, mtoto mchanga mgongoni. Hakuhudhuria mchezo kwa sababu ya mtoto huyo. Alikuwa amekwenda kambini akafukuzwa, amekwenda kwa wakubwa kilimani akaambiwa hawamjui. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli mumewe aliongeza maneno. Ningeweza kumwambia hapana. Nyumba ilikuwa tupu, hapakuwa na askari wala penseli. Badala yake nikamwambia unamjua mwenyewe mumeo, alikuwa hashiki ulimi. Aliitikia kwa kichwa polepole. Nikampa sukari aliyokuwa ameileta baba yangu mdogo, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Alihama nyumba ya walimu, akarudi kwao Midia kulima. Mimi niliendelea kufundisha. Tulifika kwenye washairi waliomsifu yule jenerali aliyetawala Uingereza, na mfalme aliporudi wakamsifu mfalme kwa kalamu zilezile. Msichana mmoja, mmoja wa wale wa magunia, aliuliza kama washairi hao waliogopa, au hawakuwa na haya. Nilimwambia haliulizwi kwenye mtihani. Kwa miaka mitatu, kila nilipokwenda nyumbani likizo, nilishika njia ndefu ili nisipite Midia. Ndugu zangu waliniuliza kwa nini nachoka bure, nikasema napenda kutembea.

Kisha serikali ikaanguka. Mwaka wa sabini na tisa askari walipita Koboko wakikimbia, wengine wamebeba magodoro, na nyuma yao ikaja hofu kwamba wanaokuja watatulipiza sisi kwa yale waliyofanya wale. Kila mwenye miguu alielekea Sudan. Kutoka kwetu njia iliyokuwa salama ilikuwa moja, nayo inapita Midia. Nilikwenda na mama yangu, ambaye hakuweza kutembea mbali, na ilipofika saa sita mchana akakaa chini akasema hapigi hatua bila maji. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mke wa mwenzangu. Niliijua. Nilisimama barabarani mpaka mama akanigombeza.

Alikuwa uani anafunga mizigo. Alikonda, lakini alinitambua mara moja, akanipokea vizuri, akamletea mama maji na kiazi. Tuliongea lugha yetu. Aliniuliza habari za Arua, nikamjibu. Watoto wake walikuwa wanakamata kuku. Mkubwa amerefuka kama baba yake, ana mwanya uleule. Mama yake alimkemea kwa kitu kidogo, sijui kamba au kuku, akasema: una mdomo kama wa baba yako, na wewe utakufa nao. Alisema kwa kawaida, kama maneno ya kila siku. Yule kijana hakushtuka. Alishayazoea.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa nimepanga. Mbele ya mama yangu nilimwambia kwamba mumewe hakuongeza neno hata moja, kwamba niliyaandika mimi, kwamba aliniomba tubadilishe mpangilio nikamkatalia, kwamba ilikuwepo karatasi na niliichoma, na kwamba sikuwa nyuma ya pazia, nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Mama yangu alifunika uso kwa kanga.

Mwanamke yule aliacha kufunga mzigo. Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Alikaa juu ya ule mzigo akatazama mikono yake, na aliposema alikuwa ameacha lugha yetu, amerudi kwenye Kiswahili alichosema na mumewe.

"Mimi nilimukasirikia miaka tatu," alisema. "Kila siku. Nilimutukana mbele ya watoto yake."

Nikaanza kusema naomba msamaha. Alinyanyua kiganja kunikatiza. Barabarani watu walikuwa wanapita na mbuzi na masanduku, na mtu alituita tufanye haraka. Yeye akageuka, akawaita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Walikuja watatu, yule mkubwa bado ana kuku mkononi. Akawaketisha chini mbele yangu.

"Ambia hao," alisema. "Yote. Kwa Kiswahili."

Nikaanza upya.